Hoja Imefungwa

Kijana alikuja na bodaboda saa kumi na moja jioni, amebana bahasha ya kaki kwapani. Nilikuwa uani nachambua maharage na mjukuu wangu. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, baba." Nilimsogezea kigoda, hakukaa. Akachomoa karatasi nne: muhtasari wa kikao cha kamati ya mapokezi ya vifaa, karatasi ya mahudhurio, na mbili za kupokelea mali. Kikao kilikuwa cha Februari. Siku hiyo ilikuwa Septemba. Jina langu lilikuwa la tatu, limechapwa vizuri kwa kompyuta, na mbele yake kimstari kitupu.

"Kikao hiki kilikaa lini?" nikamuuliza.

"Kilikaa, mwalimu. Ni vile tu muhtasari ulichelewa kuchapwa."

"Na mimi nilikuwepo?"

Akatazama chini, akacheka kidogo. "Wakaguzi wanaingia Jumatatu, mzee wangu. Tusaidiane."

Muhtasari ulisema kamati "ilijiridhisha" kwamba mifuko 160 ya simenti imepokelewa shuleni kwa ajili ya matundu nane ya vyoo. Mimi niliona Canter ikishusha simenti pale mara moja, kwa mbali, nikitoka msibani, na sikuhesabu mfuko hata mmoja. Vyoo vyenyewe navifahamu. Ni matundu sita.

Nilisaini. Siandiki hili kwa kujisifu. Mwalimu mkuu ni mwanafunzi wangu wa zamani, kijana alikuwa na haraka, kalamu alishaifungua kifuniko, na nikajiambia ni karatasi tu. Wiki mbili baadaye nilikutana na kijana yule sokoni, uso umemchangamka. Ukaguzi umepita salama, akasema. Kulikuwa na hoja moja, lakini imefungwa.

Mtu ambaye hajafanya kazi kwenye ofisi ya umma Tanzania anaweza asione uzito wa maneno hayo. Mkaguzi akikuta malipo yasiyo na viambatisho, masurufu (fedha anazopewa mtumishi kwa kazi maalumu) ambayo hayakurejeshwa, au maduhuli, yaani mapato ya serikali, yaliyokusanywa kwa mashine ya POS yasifike benki, anaandika hoja. Hoja inakwenda kwa afisa masuuli, yaani katibu mkuu kwenye wizara au mkurugenzi kwenye halmashauri. Afisa masuuli anatakiwa kujibu. Anayehangaika kujibu ni mhasibu, na mhasibu anajibu kwa karatasi kwa kuwa ndicho alichoombwa. Karatasi ikitosheleza, hoja inafungwa. Isipotosheleza, inavuka mwaka na kupewa jina la heshima: hoja ya miaka ya nyuma. Mhasibu mmoja aliwahi kunitania kwamba kuna hoja aliyoikuta alipoajiriwa na ambayo anatarajia kumkabidhi mrithi wake siku atakapostaafu, pamoja na funguo za kabati.

Kila mwaka, mwisho wa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapokabidhi ripoti zake, mijadala ya nchi nzima huanza na swali moja: zimeibwa ngapi? Swali zuri. Lakini kwa miaka mingi nimekuwa nikijiuliza jingine, dogo na la kichovu zaidi: ile hoja ya mwaka juzi ilifungwaje? Maana tukilijibu hilo kwa ukweli tutakuta kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita uwajibikaji ni karatasi moja kuijibu karatasi nyingine, na kwamba wezi wetu walishaujua mchezo huu zamani. Wanaiba vitu na kurudisha nyaraka.

Angalia jinsi tunavyoshangilia hati safi. Nimehudhuria vikao vya madiwani ambapo mkurugenzi anapongezwa kwa hati safi ya mwaka wa tano mfululizo, watu wanapiga makofi, na nje ya ukumbi mvua imekatisha barabara iliyokamilika miezi minane iliyopita. Hakuna mgongano hapo. Wakaguzi wanatoa hati za aina nne, kuanzia inayoridhisha, yenye shaka, isiyoridhisha, hadi hati mbaya, na zote zinazungumzia jambo moja: kama hesabu zilivyofungwa zinaonyesha kwa usahihi hali ya fedha ya taasisi. Halmashauri ikinunua simenti kwa bei mara mbili ya ile ya dukani na kuandika bei hiyohiyo vitabuni, hesabu zake ni sahihi. Hati ni safi. Mkaguzi ataandika kuhusu bei kwingineko, kwenye kurasa za ndani, na huko ndiko wasomaji wachache hufika. Kuita hati hiyo "safi" ni bahati mbaya ya tafsiri ambayo wanasiasa wameipenda mno.

Ukifika kwenye kurasa hizo za ndani, soma kwa jicho la mwalimu wa Kiswahili. Mimi nilifundisha sarufi miaka ishirini na tatu, na kila nikifungua ripoti naona mnyambuliko mmoja ukifanya kazi kama mtumwa. Fedha zilitumika nje ya bajeti. Nyaraka hazikuonekana. Vifaa havikupatikana. Kwenye -ik- na -ek- za namna hii kitu hujitendea chenyewe, kama kikombe kilichovunjika na mtoto amesimama pembeni amenyamaza. Pale ambapo kauli ya kutendwa inatumika, mtenda naye hayupo: maduhuli hayakuwasilishwa, mkataba ulisainiwa, malipo yalifanywa. Yalifanywa na nani? Na "Halmashauri". Na "Menejimenti". Mwishoni huja pendekezo, na kwa kawaida pendekezo linamhimiza afisa masuuli kuimarisha mifumo ya udhibiti wa ndani.

Wakaguzi wana sababu zao. Kazi yao ni kukagua taasisi, hawaendeshi mashtaka, na kumtaja mtu kabla hajasikilizwa ni kumwonea. Nalikubali hilo. Lakini ripoti ikishatoka mikononi mwao inapita ofisi baada ya ofisi, na hakuna hata moja inayolazimika kumrudisha mtenda kwenye sentensi. TAKUKURU inaweza kuchunguza, lakini kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 makosa mengi hayafiki mahakamani bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Kamati za Bunge zinaweza kuhoji, lakini hazifungi mtu. Serikali inaweza kumwondoa afisa, na hapo tuna msamiati wetu mwingine mtamu: uteuzi umetenguliwa, atapangiwa majukumu mengine. Sijui kama kuna nchi nyingine ambapo adhabu na ahadi ya ajira zimewekwa kwenye taarifa moja ya mistari mitatu.

Kisha iko kalenda, ambayo watu hawaipi uzito unaostahili. Mwaka wetu wa fedha unaisha Juni 30. Mkaguzi Mkuu anapewa miezi tisa, anakabidhi ripoti kwa Rais kufikia Machi 31. Ibara ya 143 ya Katiba inataka Rais aelekeze ripoti ifikishwe bungeni kwenye kikao cha kwanza kinachofuata, ndani ya siku saba tangu kikao kianze, na hilo kwa kawaida hutimizwa katikati ya Aprili. Mpaka hapo hakuna wa kulaumiwa. Lakini Aprili ni mwanzo wa Bunge la bajeti. Wabunge wanapitisha trilioni mpya huku ripoti ya trilioni za zamani imewekwa mezani bila kujadiliwa, kwa sababu kamati zinatakiwa zisubiri majibu ya serikali na zikae na maafisa masuuli kwanza. Ripoti ya mwaka wa fedha 2021/22 ilifika kwa Rais Machi 2023 na kujadiliwa bungeni Novemba 2023. Shilingi iliyotumika vibaya Julai 2021 ilizungumzwa na wawakilishi wa wananchi baada ya miezi 28. Mkurugenzi aliyehusika huenda amehama mara mbili. Mhasibu yuko masomoni. Fundi ameshahama mji. Aliyebaki ni faili.

Wakenya walilipunguza hili kwenye karatasi, angalau. Katiba yao ya 2010, Ibara ya 229, inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita badala ya tisa, na kulipatia Bunge miezi mitatu kujadili ripoti na kuchukua hatua. Ibara ya 226 inakwenda mbali zaidi: afisa aliyeelekeza au kuidhinisha fedha za umma zitumike kinyume cha sheria anawajibika yeye binafsi kwa hasara hiyo, awe bado yuko ofisini au ameondoka. Ukisoma maneno hayo unatamani kuhamia Nairobi. Ukikaa Nairobi wiki mbili unatamani kurudi, kwa sababu wizi huko haukusubiri ruhusa ya Katiba. Bado nadhani wametuzidi kitu kimoja. Juni 2024 vijana wa Kenya waliusoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za makwao, wakausambaza kwenye simu, kisha wakaingia barabarani. Juni 25 walifika mpaka ndani ya Bunge, na watu waliuawa. Kesho yake Rais William Ruto alisema hatausaini. Gharama ilikuwa kubwa mno, na sipendi kuisemea kwa ushabiki. Ninachokiona ni kwamba hati ya serikali ilisomwa kabla fedha hazijatoka, na walioisoma ndio waliokuwa wanaenda kuzilipa.

Kwetu ziko nyakati ambapo hoja ilikataa kufungwa kwa karatasi, na inafaa kuzitazama kwa ukaribu maana zinafanana.

Mwaka 2008 ulianza na EPA. Ukaguzi wa Akaunti ya Malipo ya Madeni ya Nje iliyokuwa Benki Kuu ulionyesha kwamba katika mwaka 2005/06 kampuni 22 zililipwa takriban shilingi bilioni 133, nyingi kwa nyaraka za kughushi. Zingatia: nyaraka zilikuwepo. Hoja ingeweza kufungwa. Gavana Daudi Ballali alifukuzwa Januari. Februari ikaja Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura bila uwezo wa kuuzalisha. Kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma taarifa yake, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, na mawaziri wawili pamoja naye, na Baraza zima likavunjwa. Aprili mwaka huohuo Andrew Chenge aliondoka kwenye Wizara ya Miundombinu baada ya kuziita "vijisenti" zaidi ya dola milioni moja zilizokuwa akaunti ya Jersey. Neno hilo lilimtoka waziri, likachukuliwa na makondakta.

Novemba 2014 ikawa zamu ya Escrow. Zaidi ya shilingi bilioni 300 zilitolewa kwenye Akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu, iliyofunguliwa kutokana na mgogoro wa shirika la umeme la taifa, TANESCO, na kampuni ya kufua umeme ya IPTL. Kamati ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti wake Zitto Kabwe wa upinzani na makamu wake Deo Filikunjombe wa chama tawala, ilisoma taarifa bungeni. Nakumbuka jioni ile kwenye kibanda cha kuonyesha mpira karibu na stendi. Mwenye kibanda alikuwa ametangaza mechi ya Ulaya. Watu wakakataa, wakataka Bunge. Akatoza shilingi mia mbili ileile. Mzee mmoja wa kahawa alikuwa anaandika majina kwa chaki pembeni ya birika lake, kila jina na kiasi chake, na kila tarakimu ilipotajwa watu waliguna kama goli limekoswa. Kabla mwaka haujaisha Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu na Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa. Januari 2015 Waziri wa Nishati, Sospeter Muhongo, naye akajiuzulu.

Nyakati hizo zilifanana kwa mambo mawili. Mjadala ulikuwa wa moto, yaani karibu na tukio kuliko ripoti za kawaida. Na watu walikuwa wanatazama. Nikiulizwa lipi lilikuwa na nguvu zaidi, nitasema la pili. Mbunge anayejua kwamba fundi baiskeli wa jimboni kwake anamwona sasa hivi anauliza swali tofauti na mbunge anayejua kwamba atasomwa kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge.

Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena moja kwa moja mijadala yote ya Bunge. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa kwenye mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, ambao tuliingia mwaka 2011 kwa shangwe. Katikati ya hayo, mwaka 2016, tulipata Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, inayompa mwananchi haki ya kuomba na ofisi siku 30 za kujibu. Nimewahi kuitumia. Siku ya 29 nilipigiwa simu kwa adabu nyingi na kuulizwa taarifa hizo nazitaka za nini.

Sitaki nionekane kuhusudu zama za luninga kupita kiasi. Yaliyofuata baada ya vibanda kufungwa hayakupendeza. Muhongo alirudishwa kwenye Wizara ya Nishati Desemba 2015, mwaka haujatimia. Kwenye Escrow watu wawili walifikishwa mahakamani Juni 2017. Mwaka 2021 mmoja alimalizana na Jamhuri kwa makubaliano, mwingine akafutiwa mashtaka. Na Lowassa, ambaye Septemba 2007 alisomwa na Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA kwenye orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga, Temeke, ndiye aliyekuwa mgombea urais wa chama hichohicho cha Slaa mwaka 2015. Lowassa alikana kosa hadi mwisho wa uhai wake, na ni haki yake. Ila chama kilichokuwa kimeifungua hoja ndicho kilichoifunga, tena bila hata karatasi. Slaa aliondoka. Wengi wetu tulibaki, tukapiga kura, na hatukupenda kuulizwa.

Halafu likaja sakata la Profesa Mussa Assad, ambalo kwangu linaeleza hali yetu kuliko kashfa zote hizo. Desemba 2018, akiwa New York, Assad alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa ya Kiswahili. Aliulizwa inakuwaje ripoti zake zinaibua mambo kila mwaka na hakuna kinachotokea. Akasema, kwa maoni yake, kama Bunge halichukui hatua, huo ni udhaifu wa Bunge. Spika Job Ndugai akamwita mbele ya kamati ya maadili, akionya kwamba asipokuja kwa hiari atakuja kwa pingu. Assad alikwenda, Januari 2019. Aprili 2 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba mwaka huo miaka yake mitano ya kwanza ilipoisha hakuongezewa, na Rais John Magufuli akamteua Charles Kichere.

Fikiria mtiririko huo. Bunge linaambiwa halifanyi kazi kwenye hoja za ukaguzi. Linaitisha kamati, linahoji, linaandika taarifa, linajadili na kupitisha azimio, yote ndani ya miezi mitatu na siku chache. Kumbe linaweza! Mwaka mmoja kabla, Zitto alipouliza kuhusu shilingi trilioni 1.5 ambazo kwa hesabu zake zilikuwa tofauti kati ya makusanyo na matumizi kwenye ripoti ya 2016/17, serikali ilieleza kwamba hakuna fedha iliyopotea, ni suala la namna ya kusoma hesabu, na mabishano yakahamia kwenye nani ana sifa ya kusoma. Hoja ya fedha ilichukuliwa polepole. Hoja ya neno ilikwenda mbio.

Baada ya hapo kiini cha uwajibikaji kilihama, na hadi leo hakijarudi. Siku hizi tukio kubwa la mwaka la ukaguzi liko Ikulu. Mkaguzi Mkuu anasoma muhtasari, TAKUKURU inasoma wake, na Rais anazungumza, kamera zote zikiwa wazi. Machi 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza pale kwamba ndege ya mizigo iliyokuwa na bei ya dola milioni 37 ilikuja kuletewa ankara ya dola milioni 86, na akatoa neno la Kiingereza lililozunguka kwenye simu za watu wiki nzima. Baada ya siku chache bodi ya Shirika la Reli ikavunjwa na mtendaji wa wakala wa ndege za serikali akatenguliwa. Watu walifurahi, na mimi nilifurahi. Lakini ukitulia unaona nani alikuwa anamwajibikia nani. Afisa masuuli anamwogopa aliyemteua, na aliyemteua ndiye anayepokea ripoti, anayekasirika, anayesamehe, na anayepanga majukumu mengine. Sisi wengine ni watazamaji wa ugomvi wa nyumba ya jirani. Siku mwenye nyumba akiwa na furaha, hakuna ugomvi.

Afrika Kusini walijaribu njia nyingine. Walirekebisha sheria yao ya ukaguzi mwaka 2018, ikaanza kutumika Aprili 2019, na ikampa Mkaguzi Mkuu wao uwezo wa kumwandikia afisa masuuli hati ya deni: umesababisha hasara hii, ukashindwa kuirejesha, basi deni ni lako. Njia ya kufika hapo ni ndefu, ina ilani, muda wa kujitetea na nafasi za kujirekebisha, na nchi yenyewe haijaacha kuibiwa. Hata hivyo napenda kilichofanyika kwenye sentensi. Hasara "iliyotokea" imepata mwenyewe, mwenye jina, nyumba na gari linaloweza kupigwa mnada. Kwetu pendekezo kama hilo lingepita Bunge kwa shida, nakiri, na pengine wa kwanza kudaiwa wangekuwa wahasibu wadogo kama yule kijana wa bodaboda, huku waliomtuma wakisaini kuwa "wamejiridhisha".

Ndiyo maana macho yangu yamekuwa yakirudi chini, kijijini, mahali ambapo wachambuzi huwa hatupatazami kwa sababu fedha zake ni ndogo. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu na usomewe mapato na matumizi. Mara nyingi haukai. Ukikaa, ni pagumu kuliko Dodoma. Mwenyekiti hawezi kuwaambia watu kwamba nyaraka zipo ofisini, kwa sababu waliokaa chini ya mwembe wanajua bei ya simenti kwa Mangi, wanajua fundi alilipwa lini maana ndiyo siku alipolewa, na kitu chenyewe kiko mita mia mbili kutoka hapo. Wenyeviti wa vijiji wanakataliwa na wananchi mwaka mzima nchi hii, na sababu ni ileile: hakusoma mapato na matumizi, au alisoma yakachekwa.

Pendekezo langu ni la kishamba na siliombei radhi. Hoja ya ukaguzi inayohusu kitu kinachoshikika, iwe darasa, kisima, kivuko, kitanda cha zahanati au dawa, isifungwe mpaka isomwe mahali kitu hicho kinapotakiwa kuwepo, mbele ya watu wanaokitumia, na majibu yao yaandikwe kwenye faili kama kiambatisho. Mkurugenzi aje mwenyewe. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu inataja kijiji, shule na kiasi mara nyingi tu. Kinachokosekana ni mtu wa kuipeleka huko. Gharama yake ni mafuta ya gari moja na kipaza sauti. Wasomi wa ukaguzi wataniambia kwamba wananchi wana chuki zao na siasa zao. Ni kweli. Nimeona muhtasari wenye saini saba za uongo, moja ikiwa yangu, ukipita bila chuki wala siasa.

Desemba mwaka ule mkutano wa kijiji chetu ulikaa, baada ya kuahirishwa mara mbili kwa mvua na mara moja kwa kukosa akidi. Mtendaji alisoma haraka, kama imamu anayewahi futari. Alipofika kwenye vyoo vya shule alisema mradi umekamilika, matundu nane, na hoja ya wakaguzi imefungwa. Nilikuwa nimekaa safu ya mbele, kwenye benchi la wazee. Mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga pale getini kwa shule akasimama, hakuomba kipaza sauti.

"Mtendaji, mimi nakaa pale tangu asubuhi mpaka watoto watoke. Milango naihesabu kila siku. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita." Alikuwa anakunja vidole. Cha saba akakiacha kimenyooka, akakielekeza kwenye meza. "Hii ya saba nioneshe."

Mtendaji akasema nyaraka zote zipo, wajumbe wa kamati ya mapokezi walisaini. Akaanza kufunua faili, karatasi moja baada ya nyingine, akitafuta. Nilijua anatafuta karatasi gani, na nilijua jina la tatu ni la nani. Nikasimama kabla hajaifikia.